Golikipa Niliyemuuza

Nilimfuta golikipa wangu kwa penseli mara nyingi kabla sijamfuta kwa wino. Karatasi ilikuwa imetoboka mahali pa jina lake. Niliiinua dirishani, mwanga wa ziwa ukapita kwenye kitundu kile, na bado sikuwa na uhakika. Golikipa huyo hakuwa mtu wa mbali niliyemjua kwa redio. Alikuwa mwana wa mama mkubwa, dada wa mama yangu, na kwetu mwana wa mama mkubwa ni kaka. Nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, tangu nilipojua kusema. Tulilala chumba kimoja pale Kimanga, mtaa wa mji wetu wa ziwani. Siku sita za juma alibeba mizigo bandarini Kalundu, na siku ya saba alisimama golini. Ninayoandika hapa ni habari ya jinsi nilivyomwondoa kwenye timu ya karatasi, na jinsi alivyoondoka kweli.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza sekondari. Diploma ilikaa ndani ya bahasha juu ya kabati, nami nikangoja barua ya kunipeleka kufundisha mahali fulani, popote. Barua zilitoka Bukavu, au hazikutoka. Uhuru ulituachia ofisi zilezile na watu wapya ndani yake, kisha wale wapya nao wakaanza kukosekana. Kila asubuhi nilikwenda posta kumwuliza mkarani kama barua yangu imefika. Nadhani alibuni mchezo wa timu za karatasi ili nimwulize jambo jingine.

Alikuwa akisoma magazeti ya mpira kutoka Ulaya, yaliyokaa njiani mpaka yakawa ya manjano. Akatuambia kwamba huko timu zinauza na kununua wachezaji. Kwa nini sisi tusifanye hivyo hapa, kwenye karatasi? Tulikuwa wanne: yeye, mimi, fundi cherehani jirani yetu, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Kila mmoja aandike wachezaji kumi na mmoja kutoka timu za kweli zilizokuwa zikicheza ubingwa wa mwambao: bandari ya Kalundu, wafanyabiashara wa Kimanga, wakulima wa Katogota walioletwa na lori la pamba, vijana wa misheni walioteremka kutoka milima ya wafugaji. Mchezaji mmoja hawi wa watu wawili. Akifunga, aliye naye anapata pointi. Golikipa asipofungwa, aliye naye anapata zaidi. Jumapili baada ya mechi tulikaa kwenye ngazi za posta na mkarani akasoma matokeo kwa sauti ya padri anayesoma ndoa.

Kura ya kwanza iliniangukia mimi, nikamchagua yaya. Hiyo ndiyo mara pekee niliyochagua bila kusitasita. Wengine wote niliwachagua kwa mateso. Nilijiuliza kama winga wa Katogota anacheza vizuri kwa sababu ni mzuri au kwa sababu beki wa Kimanga ni mzito. Nilijiuliza kama vijana wa milimani wanachoka kipindi cha pili kwa joto la huku chini, na kama ni hivyo, je, siku ya mawingu? Fundi cherehani alimaliza orodha yake huku akipima suruali ya mteja. Yangu ilinichukua siku nne.

Yaya aliona yote hayo ni kichekesho. Aliporudi kutoka bandarini, shingo nyeupe kwa unga wa magunia, aliniuliza kabla ya kunawa, "Leo niko wa ngapi mu karatasi?" Nikimwambia tuko wa tatu, alisema, "Basi wachezaji wako ni wabaya, kuondoa minye," akijigonga kifua. Alitembea nami hadi uwanjani, mchanga mtupu kando ya ziwa, ambako mpira ukipigwa vibaya uliingia majini na mchezo ukangoja hadi mtu aogelee kuufuata. Golini alikuwa na tabia ya kuongea. Aliwatukana washambuliaji taratibu, kwa upole, akiwauliza habari za shemeji zao, mpaka wakapiga nje.

Katikati ya msimu mkarani alifungua mlango wa mabadiliko. Kila mtu auze wachezaji watatu na kununua watatu, kisha orodha ifungwe mpaka mwisho. Hapo tuligombana kwa mara ya kwanza, na tuligombana kwa neno.

Shuleni mapadri walitufundisha Kiswahili cha kitabu. Kuuza ni kutoa kitu chako, kununua ni kuchukua cha mwenzio. Lakini sokoni kwetu mama akikutuma ukauze chumvi, unarudi na chumvi. Kuuza ndiko kuchukua. Anayetoa anauzisha. Mimi niliandika "nauza" kwa maana ya kitabu, na fundi cherehani akadhani ninamtaka mtu ambaye kwa kweli nilikuwa nikimkimbia. Alicheka mpaka akaweka sindano chini. Akaniambia diploma yangu iko inanitesa, nikiendelea hivi nitakufa njaa katikati ya soko. Mkarani akaamua kwamba kwenye karatasi tutatumia Kiswahili cha kitabu, kwa kuwa mchezo ni wake na yeye alipitia seminari. Tukakubali. Kwa hiyo kwenye orodha yangu, mbele ya majina matatu, ningeandika kwa wino neno moja: UZA.

Lakini wakati ule kuchagua kulikuwa kumebadilika. Habari za uasi katika bonde la Katogota, kaskazini, zilikuwa zimeanza kushuka pamoja na watu. Lori la pamba lilikuja Jumapili moja likiwa na wachezaji saba wa Katogota badala ya kumi na mmoja, na wale saba hawakutaka kusema wenzao wako wapi. Jumapili iliyofuata lori halikuja. Vijana wa milimani waliteremka mara moja zaidi, wakacheza bila kusema na mtu, wakapanda kurudi kabla jua halijapungua. Watu wa ofisi walianza kutuma wake zao ng'ambo, Burundi. Wanajeshi walipita na magari kwenda kaskazini, na yaliporudi yalikuwa machache.

Mimi nikaendelea kupanga timu. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijua kwamba hakuna tena maana ya kuuliza nani atafunga goli. Swali lilikuwa nani atakuwepo Jumapili. Nikachukua karatasi yangu na pembeni mwa kila jina nikaandika nilichokisikia au kukidhania. Mke wake amezaa juzi, atabaki. Ana mjomba Usumbura, ng'ambo, atakwenda. Kaka yake yuko msituni, naye atamfuata. Huyu ni mwoga. Huyu ana deni la mahari, hawezi kutoka. Niliandika mwandiko mdogo ili yote yaenee. Sikufikiria hata mara moja kwamba nilikuwa nikitengeneza kitu kingine kabisa. Niliona orodha ya mpira tu.

Nikafika kwa yaya. Mama mkubwa, mama yake, alikuwa ameshapata nafasi kwenye mtumbwi mkubwa wa kuvuka, pamoja na wadogo wawili wa kike. Alikuwa ametamka wazi kwamba nafasi ya nne ni ya mwanawe. Yaya hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilimtazama akikunja nguo zake, kisha akizikunjua. Nikafikiri: anaona vibaya kuniaga, lakini atakwenda. Mtu mwenye mama wa namna ile atakwenda. Nikifuta, nitakuwa na golikipa mwingine Jumapili. Nisipofuta, nitakuwa na nafasi tupu golini. Nikafikiri tena kwamba nikimwacha kwenye orodha itakuwa kama kumwomba abaki, na kumwomba abaki ni vibaya. Kwa hiyo kumfuta kulikuwa ni kumruhusu. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Nikaandika kwa wino: UZA, atakwenda na mama yake.

Wengine wawili niliowauza walikuwa winga wa Katogota na kijana mmoja wa milimani, ambao hawakuwa wakionekana tena. Mkarani ndiye aliyemchukua yaya. Aliandika jina lake kwenye timu yake bila kufikiri hata kidogo, akaniambia nimempa zawadi.

Yaya alijua siku ileile. Fundi cherehani alimwambia dirishani, kwa kucheka. Nilikuwa nimelala kitandani nikitazama mabati alipoingia.

"Umeniuzisha?"

Nikamweleza. Nilieleza kirefu, habari ya nafasi mtumbwini na habari ya golikipa wa pili, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia ubaya wake.

"Kwa hiyo weye umeandika minye ninaenda," alisema. "Weye unajua safari yangu kuliko minye."

"Nilifikiri tu, yaya."

"Basi siendi. Jumapili uje utazame mutu mwenye umetupa."

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Mama mkubwa alivuka Alhamisi. Yaya alimbebea vifurushi hadi majini, akamwambia atamfuata na mtumbwi wa Jumatatu, mechi ikishaisha. Nilikuwepo. Nilisikia akimpa mama yake sababu ile, naye mama akinitazama mimi, si yeye.

Jumapili ile bandari ilicheza na Kimanga, timu mbili pekee zilizokuwa zimebaki. Sijaona golikipa akidaka vile. Alizuia penalti kwa kifua, akainuka na mchanga mdomoni, akanitafuta kwa macho pembeni mwa uwanja. Hakufungwa. Pointi zake zilikwenda kwa mkarani, ambaye hakuwepo kuzisoma, kwani alikuwa ameondoka asubuhi ile na familia yake na funguo za posta. Tulikaa kwenye ngazi zile watatu, hatukujua nani ahesabu. Nikaona uchungu wa pointi. Ndiyo, wa pointi. Nilikwenda kulala nikifikiri ningekuwa wa kwanza.

Jumatatu hakuna mtumbwi uliovuka. Wenye mitumbwi walikuwa wameificha. Baada ya siku chache tuliamka tukakuta wanajeshi hawapo, na kabla ya saa sita mji ukawa na watu wengine, waasi, vijana wenye majani kichwani na mikuki, wachache na bunduki, waliokuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie. Wengi walikuwa wa umri wangu. Siwezi kusema wote walikuwa wabaya. Wengine walikuwa wamepita shule moja nami, wakangoja barua zilezile.

Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati. Nilifikiri kuichoma, nikaogopa moshi. Nilifikiri kuichana, nikaona mtu akiokota vipande na kuuliza kwa nini nilichana. Nilifikiri kuificha juu ya kabati pamoja na diploma, lakini walisema wenye diploma ndio wanaotafutwa kwanza. Nikabaki nayo mfukoni, kwa kuwa kukaa nayo hakukuhitaji niamue chochote.

Kati ya Kimanga na Kalundu waliweka bariyeri, gogo lililolazwa juu ya mapipa mawili. Nilikuwa nampelekea yaya chakula cha mchana, bugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwenye sahani iliyofungwa kitambaa. Bandarini walikuwa bado wanabeba, sasa kwa waasi. Kamanda wa bariyeri alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliona karatasi ikichomoza. Nilipotaka kumpa mkononi alirudi nyuma, kwa sababu mtu aliyenyunyiziwa maji hawezi kuguswa na mtu kama mimi, dawa isije ikamtoka.

"Weka chini," alisema.

Nikaiweka mavumbini. Aliiokota mwenyewe, akaisoma yote, pembe hadi pembe, na muda aliosoma ulikuwa mrefu kuliko nilivyowahi kuvumilia kitu chochote.

"Hawa batatu," alisema, "uliwauza na nini?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Alisoma neno langu kwa Kiswahili cha sokoni. Kwake, mbele ya majina matatu nilikuwa nimeandika kwamba nimewanunua. Mtu wa diploma, mwenye orodha ya watu wa bonde, wa milima na wa bandari, anayejua nani ana mjomba Usumbura na nani kaka yake yuko msituni, na watatu kati yao amewanunua.

Nilitaka anielewe. Nikafanya haraka kuingia katika lugha yake.

"Hapana, shefu. Sikuwauza. Niliwauzisha."

Wale vijana wawili waliokuwa wameketi kwenye gogo wakasimama.

"Uliwauzisha kwa nani?"

Ni mchezo, nilisema. Ni mpira, wa karatasi. Lakini alikuwa ameshauliza swali lenye jibu, nami nilikuwa mtu wa kujibu maswali kwa ukamilifu. Nilifundishwa hivyo. Wawili hawakuchukuliwa na mtu, nikasema, na golikipa alichukuliwa na mkarani wa posta.

"Mukarani wa serikali," alisema kamanda.

"Wa posta."

"Mwenye alikimbia."

Akauliza huyu golikipa iko wapi. Maisha yangu yote nimefikiri kila jambo mara kumi, na hapo nilijibu bila kufikiri hata mara moja. Nilijiambia kwamba yaya akija ataeleza. Yaya huwafanya watu wacheke. Nikasema, "Iko bandarini, ndiye huyu ninamupelekea chakula."

Tulikwenda pamoja, mimi mbele na sahani, wao nyuma. Yaya alikuwa amebeba gunia. Alilitua, akajifuta uso, akasikiliza. Kisha alicheka, kama nilivyotumaini.

"Shefu, huyu ni mudogo wangu. Iko na akili mingi, ndiyo ugonjwa wake."

"Ni kweli alikuuzisha?"

"Kweli kabisa," alisema yaya. "Na nilimukasirikia sana, juma muzima."

Wabebaji wenzake walicheka naye. Kamanda hakucheka. Hakuonekana hata kuwa na hasira. Alikunja karatasi yangu mara mbili, akaitia mfukoni, akasema kuna masanduku ya kupandisha milimani na mwenye mabega kama yale hawezi kukaa huku chini karibu na mitumbwi, hasa kama jina lake liko na watu wa serikali. Alisema atarudishwa. Hakusema lini.

Yaya alinitazama. Nilikuwa bado nimeshika sahani. Ninajua alikuwa na nafasi ya kusema mambo mengi, na ninajua yote ambayo angeweza kusema, nimeyapanga kwa mpangilio tofauti kila siku tangu hapo.

"Kula weye," alisema. "Isipoe."

Wakamwondoa na wengine watano kwa njia ya juu. Nilikula. Sijui kwa nini nilikula, ila aliniambia.

Hakurudi. Wanajeshi wa serikali waliurudia mji baada ya miezi, pamoja na askari wao weupe wa kukodiwa, na watu wakashuka milimani mmoja mmoja, na kila mmoja nilimwendea. Mmoja alisema alimwona akibeba sanduku karibu na kambi ya wafugaji, mguu umevimba. Mwingine alisema alitoroka, na sasa anadaka kwa jina jingine huko ng'ambo. Nilipenda habari hiyo, mpaka nilipogundua kwamba msemaji hakuweza kunieleza sura yake. Watu wawili walionyesha kwa mkono tu, kiganja chini, ishara ya mtu aliyezikwa, wakaendelea kutembea. Mimi nilirudi kwenye neno. Ningeandika "toa". Ningeandika "badili". Ningechora msalaba mdogo kama fundi cherehani, ambaye hakuandika neno lolote kwenye karatasi yake. Kuna vitenzi vingi sana katika lugha hii, na vyote vilikuwa mbele yangu siku ile.

Mama mkubwa alirejea mwisho wa kiangazi. Nilimkuta Kalundu, akianika ndagala juu ya mchanga, akiwatawanya kwa vidole ili wasishikane. Aliniambia nikae. Nilikuwa nimejiandaa kwa njia nyingi za kulaumiwa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari ya bariyeri, ya neno, ya mkarani. Hakuuliza hayo. Alikuwa ameshayasikia kwa watu.

"Niliambiwa ulimutoa mu timu yako," alisema. "Alikuwa anacheza mubaya?"

"Hapana, mama. Alikuwa anacheza muzuri. Aliwapita wote."

"Sasa ulimutoa juu ya nini?"

Mkono wake uliendelea kutawanya samaki. Nilitafuta jibu lililo bora kuliko lile la kweli, na sikulipata.

"Nilifikiri ataenda na weye."

Akaokota jani lililoanguka katikati ya samaki, akalitupa.

"Na minye nilifikiri hivyo," alisema. "Mu mutumbwi nilimuwekea nafasi. Nilikatala mutu asikae pale, mpaka tukafika ng'ambo."

Kisha akanisogezea rundo lililobaki, nikaanza kulitawanya naye.